Pengo kwenye Ukingo wa Birika Dogo

"Shusha. Shusha tena. Eh, hapo sasa."

Abdias alishusha mkono wenye kipande cha makaa, akachora mstari wa kulala ukutani, kisha akageuza shingo kumtazama mama aliyekuwa akimwelekeza kutoka chini, mbele ya jukwaa la miti. Jemima alikuwa amesimama hatua saba kutoka ukutani, si sita wala si nane, kwa sababu siku ya kwanza aliona kuwa ni kutoka hapo tu mlima wote ulikaa sawa machoni pake. Mkononi alishika kopo la rangi ya kijani, akiikoroga polepole kwa kijiti.

"Ni hapo maji inatokea?" Abdias aliuliza.

"Ni hapo. Katikati ya mawe mbili nyeusi, na moshi. Mais, lakini moshi hapana ya kupikia bugali. Ni kama pumzi ya ng'ombe asubuhi."

"Ng'ombe ya wapi? Miye ni mutoto ya Butembo, mama. Ng'ombe ninaijulia kwenye sahani."

"Basi chora pumzi yako mwenyewe. Unapumua, hapana?"

Abdias alicheka hadi jukwaa likatikisika. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, fundi wa mabango. Famasi tatu za Vulamba zilikuwa na msalaba wake wa kijani, na vinyozi wengi wa mtaa huo walikuwa na vichwa alivyochora yeye, vyote vikiwa na sikio moja kubwa kuliko jingine. Kazi hii ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kupata: ukuta mzima wa chumba cha kulia katika hoteli mpya ya mfanyabiashara Kasonia, hapo Butembo, mita nane kwa tatu, na juu yake Kalambya yote, ule mji mdogo wa maji moto ulio mlimani juu ya Mutwanga. Abdias hakuwahi kufika Kalambya. Ndiyo maana Kasonia alimtafuta Jemima, aliyekuwa mtunzaji wa mabirika ya kuogea huko mpaka siku watu walipokimbia, akamwomba awe macho ya fundi.

Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka wa 2002. Kalambya ilikuwa imekaa bila watu wake karibu miaka mitatu. Barabara ya Beni ilipitika, na ya Mutwanga pia, kwa anayejua siku ya kupita na neno la kusema kwenye kila barrière, kizuizi cha askari. Lakini kule juu wenye bunduki walikuwa wakishuka kutoka msituni na kurudi, na wengine wakipanda kuwafuata, na raia aliyekuwa na shamba huko alipanda asubuhi, akalima huku akisikiliza, akashuka kabla jua halijainama.

Kasonia mwenyewe alikuwa na sababu yake. Alipokuwa na miaka saba miguu yake ilikuwa kama vijiti, haikumbeba. Baba yake alimfunga kwenye kiti cha baiskeli kwa kitenge cha mama yake, akamsukuma siku tano. Walikaa Kalambya wiki sita. "Nilienda kama muzigo, nikarudi kama mutu," alipenda kusema, akijipiga mapaja. "Nataka mugeni akikula samaki hapa, magoti yake isikie joto ya ile maji." Jumapili alikuwa anamwoza binti yake, na wageni wa harusi wangekula katika chumba hicho. Ukuta ulipaswa kuwa tayari. Leo ilikuwa Alhamisi.

Jemima hakujua kusimulia kwa kurukaruka. Abdias alipomwuliza siku ya kwanza kitu gani kilikuwa kizuri zaidi Kalambya, alimjibu kwamba hawezi kujua mpaka waanze mwanzo. Basi wakaanza mwanzo. Alimweleza jinsi wachukuzi wa chumvi, wakitoka ng'ambo ya mto Semuliki, walivyokuwa wakilala hapo zamani na kuchemsha viazi kwa kuvifunga ndani ya majani na kuvitumbukiza kwenye chemchemi. Akamweleza juu ya daktari Mbelgiji aliyepanda akiwa mgonjwa wa mgongo, akakaa mwezi mmoja, akashuka ameketi wima juu ya nyumbu, akarudi na saruji. Yeye ndiye aliyejenga birika kubwa la wazungu, lenye ngazi tisa, na hoteli ya vyumba kumi na viwili yenye veranda inayotazama bonde. Alipanda mikaratusi pande zote mbili za njia ili wagonjwa wapumue vizuri. Weusi waliruhusiwa kuoga chini, kwenye birika la pili, katika maji yaliyokwisha kupita kwa wazungu.

"Na balikubali?" Abdias aliuliza siku hiyo.

"Maji ilikuwa moto. Mutu mwenye kuumwa hapana kuuliza maji imetoka kwa nani."

Na baba yake Jemima, Zacharie, aliyebeba mawe ya birika lile la kwanza mgongoni, alikusanya masalio ya saruji magunia yalipokung'utwa, konzi kwa konzi, akajenga birika la tatu. Lilikuwa dogo, halizidi urefu wa mlango, na kina chake kilifika magotini. Alilijenga kwa ajili ya mke wake, aliyekuwa karibu kujifungua. Jemima ndiye mtoto wa kwanza kuogeshwa humo.

Baadaye wazungu waliondoka, wakaacha taulo. Wakaja wakubwa wa Kinshasa na miwani myeusi, wakaja wafanyabiashara wa Butembo na mabibi harusi wao, wakaja vijana wenye kamba na viatu vya misumari waliotaka kukanyaga theluji. Wote walipita mikononi mwa Zacharie, kisha mikononi mwa Jemima, aliyejua kupima joto kwa kiwiko na kumwambia mtu, "Wewe ngoja bado," au "Wewe ingia."

Sasa theluji ilikuwa juu kabisa ya ukuta, imekauka tangu Jumatatu, na kila mtu wa Kalambya aliyeingia kutazama aliicheka.

"Hii ni bugali," mzee mmoja alikuwa amesema. "Nani ameiweka bugali kwenye mulima?"

"Nitaweka na majani ya sombe kando," Abdias alijibu, lakini jioni hiyo aliirudia, akaongeza buluu kidogo kwenye kivuli, na Jemima akakubali kwa kichwa.

Watu hao walikuja kila siku. Walikuwa wamesambaa mjini, kwa ndugu na kwenye vyumba vya kupanga, na habari za ukuta ziliwafikia moja moja. Waliingia wamevaa nguo za kanisani, wakasimama mlangoni kama watu waliokuja kumtazama mgonjwa. Wengine walibishana mparachichi ulikuwa upande gani wa ofisi ya chifu. Wengine walikaribia wakagusa mlango wa nyumba yao, na Abdias akawapigia kelele kwamba rangi ni mbichi.

Jemima naye hakugusa. Alikuwa na kazi ya kupanga mambo kichwani: leo njia na birika dogo, kesho maporomoko ya maji baridi, na daraja. Hakutaka kuangalia kwa macho ya kutamani. Lakini nyakati nyingine harufu ya mafuta ya taa waliyooshea brashi ilipungua kwa upepo wa dirishani, naye akadhani amesikia harufu nyingine, ile ya mawe yaliyolowa na majani ya mkaratusi yanayooza.

"Sasa ukingo ya kale ka birika kadogo," Abdias alisema, akishuka ngazi moja. "Umesema mawe inazunguka yote?"

"Yote. Ya kadiri ya ngumi ya mutoto. Kila moja rangi yake. Panga moja moja kama meno. Mais hapa," na Jemima akasogea, akaweka kidole pasipo kugusa ukuta, upande wa kushoto kuelekea mlima, "hapa acha nafasi ya jiwe moja."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Acha tu."

Abdias alimtazama. Alikuwa amejifunza kwamba mama huyu anaposema neno fupi hivyo, akiulizwa tena hukaa kimya kama maji ya mtungini. Akachovya brashi, akaanza kupanga mawe.

Ilikuwa desturi ya Kalambya, na haikuwa ya zamani sana, maana ilianza na Zacharie. Mtoto alipozaliwa, siku ya saba baba yake alishuka mtoni akachagua jiwe. Mama alimwogesha mtoto kwenye birika dogo, na mtunzaji akalikaza lile jiwe ukingoni kwa udongo wa mfinyanzi. Hapo ndipo mtoto alihesabiwa kuwa mtu wa Kalambya, awe anaishi hapo au Kisangani au Ulaya. Aliyerudi kutoka mbali, kabla ya kwenda nyumbani kwao, alipita kwanza birikani kulisalimia jiwe lake. Na mtu alipokufa, mzazi au mtoto wake alilichomoa, akalirudisha mtoni, na pengo likazibwa kwa udongo mtupu mpaka mtoto mwingine azaliwe. Hakuna aliyehitaji tangazo. Mtu akipita asubuhi na kukuta pengo jipya, alivua kofia akauliza ni nani.

Na pengo lile la upande wa kushoto alilifanya Jemima mwenyewe.

Asubuhi ile ya mwezi wa kumi na moja, 1999, mvua ilikuwa inanyesha. Binti yake Victoire, miaka kumi na sita, mtoto pekee aliyebaki kwake, alikuwa ameteremka na mihogo kwenye mashine ya kusaga, mtaa wa chini. Bunduki zililia kutoka huko huko chini. Jemima hakukimbilia njia kuu kama wengine. Alikimbilia mabirikani, akiwaza kwamba Victoire atakuja huko, maana ndiko alikozoea kumkuta. Akangoja. Watu walipita wakimwita, na moshi ukapanda kutoka kwenye mashine. Jirani mmoja alimshika mkono akamvuta. Hapo ndipo alipopiga magoti, akatoa kijiko mfukoni mwa aproni, akachokonoa jiwe la Victoire likatoka. Lilikuwa jekundu lenye mshipa mweupe. Hakuwaza chochote juu ya kifo. Aliwaza tu kwamba hawezi kuwaachia wenye bunduki jiwe hilo. Alilibeba kama anavyobebwa mtoto, kifuani, ndani ya nguo, na hakubeba kitu kingine, wala sufuria wala chumvi.

Kosa lake alilitambua Beni, siku ya tatu, katika uwanja wa kanisa walikolala wakimbizi. Alipoinama kunawa, jiwe lilidondoka. Bibi mmoja wa Kalambya aliliona, akalitambua ni jiwe gani, akavua kitambaa cha kichwani, akaanza kulia kwa sauti. Wanawake wakaja. Walimlaza Jemima juu ya mkeka, wakaleta kuni, wakaleta maji, wakamlilia Victoire siku nne, na mchungaji akaja kuomba. Jemima alisema, "Hakufa. Sijui kama amekufa." Walimpapasa mgongo wakisema mama wote husema hivyo mwanzoni. Alipokwisha kupata nguvu za kubisha, matanga yalikuwa yamekwisha kukaliwa.

Tangu hapo alipeleka tangazo redioni mara tatu: Victoire wa Kalambya, mama yako yuko Butembo, Vulamba. Hakuna aliyejibu. Alilala na jiwe chini ya mto wa kichwa. Kila asubuhi alifikiri jambo moja: siku Victoire akirudi, atapita birikani kwanza, na atakuta pengo.

Saa za mchana, Abdias alipokuwa amefika nusu ya ukingo, mwanamke aliingia na kikapu cha matunda ya marakuja kichwani.

"Wasibire, mama!"

"Ee, wasibire." Jemima alikodoa macho. "Débora?"

"Ni miye. Nimefika jana na pikapu, kutoka Mutwanga. Banasema kuna ukuta yenye inaleta watu machozi, nikasema ngoja nikalie bure, kila kitu kingine Butembo ni kwa feza."

Débora alikuwa mtoto wa Kalambya, sasa mama wa watoto wanne, na tangu vita alikaa Mutwanga akiuza matunda. Alitua kikapu, akasimama katikati ya chumba. Macho yake yalitembea kama miguu ya mtu aliyeteremka kwenye gari: hoteli, mikaratusi, ngazi tisa, moshi.

"Yesu," alisema. "Hata mulango ya choo." Kisha akacheka, akajifuta pua kwa kiganja. Akasogea karibu na birika dogo. "Na hapa? Nani alikufa hapa?"

Abdias alinyanyua brashi. "Mama alisema niache."

Débora alihesabu kwa kidole kutoka kona ya mlima, jiwe moja moja, mdomo ukitikisika. Kidole kikasimama kwenye pengo.

"Mama Jemima. Hii ni nafasi ya Victoire."

"Ndiyo."

"Victoire wako alikuwa na alama ya moto kwenye mukono? Mukono ya kushoto?"

Kopo la rangi lilikuwa mkononi mwa Jemima. Alilitua mezani kwa uangalifu, akakifuta kijiti, akakilaza juu yake. "Alichomwa na moshi ya chemchemi akiwa na miaka ine," alisema. "Hapa," na akagusa kifundo cha mkono wake mwenyewe. "Juu ya nini unauliza, Débora? Uliza polepole."

Débora aliketi juu ya kikapu chake kilichopinduliwa, baada ya kuyamwaga marakuja sakafuni bila kuyaangalia.

"Ni mudogo wangu Elsa. Unamujua, yule tulimuoza Oicha, akarudi. Yee hakukulia Kalambya, mambo mingi haijue. Mwezi wa tano alipanda na bavunaji ya kahawa. Kulikuwa bageni kati yao, batoto wa ng'ambo, balikimbiliaga Uganda bakarudi kutafuta kazi. Saa ya kupumzika, dada mumoja akaenda kwenye bassin kadogo, kale ka birika ka mawe. Elsa akamufuata, sababu alifikiri anatafuta maji ya kunywa. Akamukuta anapangusa majani kwenye ukingo, anahesabu mawe. Anahesabu, anarudilia. Elsa akamuuliza: unatafuta nani? Akasema: najitafuta."

Débora alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Akamuuliza Elsa ni nani alitosha ile jiwe, ni nani aliichomoa. Na Elsa, mama, musamehe, alisema kile watu wote banasema. Akasema mama ya ule mutoto alilitosha na mukono yake, asubuhi ile ile ya bunduki, na matanga ikakaliwa Beni. Yule dada akasema: 'Asubuhi ile ile? Hakuningojea hata siku moja?' Elsa akamuuliza unamujua huyo mama. Akasema: 'Kama alishalia akamaliza, sitaki kumuanzisha tena.' Akashuka na kikapu yake. Elsa aliniambia juu ya alama ya mukono, juu ilimushangaza, ilikuwa kama jani. Miye sikufikiri. Nilisema ni bazimu ya watu wenye njaa. Mpaka sasa nimehesabu."

Jemima aliketi. Aliketi sakafuni, miguu mbele kama mtoto, kati ya marakuja. Miaka yote aliomba neno moja, kwamba Victoire yu hai, na akajiapiza kwamba akilipata hataomba lingine. Sasa alikuwa nalo, na lilikuwa limekuja limeshika mkono wa lingine: mtoto wake anatembea juu ya ardhi akiamini kwamba mama alimzika kabla ya mchana.

"Miye nilimungoja," alisema, si kwa Débora. "Nilingoja mpaka moshi."

"Tunajua, mama."

"Yee hajui."

Abdias alishuka jukwaani, akasimama akiwa ameshika brashi iliyokuwa ikidondosha rangi ya kijivu kwenye kiatu chake. "Basi rahisi," alisema. "Niambieni rangi ya jiwe, nalichora sasa hivi. Jumapili watu mia mbili bataliona. Habari itafika Mutwanga mbele ya Jumatatu."

Jemima alitikisa kichwa. "Victoire hatakula samaki kwa Kasonia."

"Bado yuko kule?" Jemima aliuliza, akimgeukia Débora.

"Sijue. Bavunaji ni kama ndege. Elsa alisema bengine banapanda mpaka mwisho wa wiki ijayo, mavuno madogo inaisha. Kisha mpaka mwezi wa kenda."

"Pikapu yako inarudi lini?"

"Jumamosi asubuhi. Mama, hapana. Unafikiri nini? Kupanda kule na magoti hiyo?"

"Nafikiri kurudisha jiwe. Akipita tena, alione. Hata kama sitamukuta, ataona mutu alirudi."

Débora akasema kile kilichokuwa lazima kisemwe. "Jiwe ikitoka hairudi, mama. Ni sheria."

"Nani alisema?"

"Ni weye! Ulinipiga hapa," na Débora akajipiga kofi begani, "nilikuwa na miaka kenda, nilirudisha jiwe ya tate, babu yangu, juu nilimutamani. Ulinipiga mbele ya wazungu ya Kanada. Ulisema ukirudisha jiwe, unamuita mutu mwenye alishapumzika."

Jemima alikumbuka. Alikumbuka hata kile kijiko cha udongo mkononi mwa mtoto, na jinsi alivyojiona amefanya haki. Alifikiri kwa muda mrefu, kama alivyozoea kukaa na mgonjwa mgeni kabla ya kumruhusu kuingia majini. Sheria ilikuwa ya baba yake. Yeye ndiye aliyeilinda. Na kama mtunzaji angeivunja kwa ajili ya mtoto wake, kesho kila mwenye uchungu Kalambya angeshuka mtoni na ndoo.

"Sheria ni ya wafu," alisema mwishowe. "Huyu hakufa. Sikutoa jiwe ya maiti, nilikosea. Makosa inarudishwa. Na nitasema mbele ya watu wote kwamba nilikosea, hata mumoja asiseme Jemima aligeuza sheria. Kofi ile, Débora, siirudishi. Uliipata sawa."

"Wasingya," Débora alishukuru kwa midomo ya kununa, kisha wote wawili wakacheka, na kicheko cha Jemima kikakatika katikati, akafunika uso kwa kitenge.

Kasonia aliingia akiwa bado na funguo za gari mkononi, akakuta maji ya marakuja yaliyokanyagwa sakafuni, na fundi akiwa hafanyi kazi. Walimweleza. Alisikiliza akiwa amesimama, akijipapasa paja.

"Mama," alisema, "miye nakuelewa. Mais donc, sasa kwenda Jumamosi? Harusi ni Jumapili. Maporomoko haijafanyika. Daraja haijafanyika. Huyu bwana atachora daraja ya Butembo! Ngoja Jumatatu, nitakupa gari yangu mwenyewe mpaka Beni."

"Jumatatu pikapu ya Débora haiko. Bale ba barrière banamujua Débora, hapana gari yako."

"Na ukienda ukabaki kule?"

Jemima alimgeukia. Swali lilikuwa la haki. "Papa Kasonia," alisema, "baba yako alikusukuma siku tano. Mutu angemuambia angoje harusi ya jirani, angengoja?"

Mfanyabiashara aliangalia miguu yake. Alizungusha funguo kidoleni mara moja, mara mbili. "Basi mpaka kesho jioni," alisema. "Mutupe kila kitu mpaka kesho jioni."

"Nitaacha mustari ya kila kitu. Atajaza rangi tu."

Jemima alivua viatu, akafunga kitenge vizuri kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze akapanda jukwaani mwenyewe. Abdias alimshika kiwiko. Kutoka juu, karibu hivyo, mlima haukuwa mlima tena, ulikuwa mabaka, na ilimbidi achore kwa kukumbuka miguu yake badala ya macho: hatua arobaini kutoka birika kubwa mpaka kwenye jiwe la kukalia, kisha njia inakunja kulia, kisha kelele za maporomoko kabla hujayaona. Alichora kwa makaa, akipuliza vumbi. Alipokosea alifuta kwa kidole kilicholowa mate. Abdias alifuata nyuma akiandika juu ya kila umbo, kwa herufi ndogo za mabango: kijani nzito, jiwe jeusi, hapa povu.

"Povu nyeupe kama ya theluji?"

"Hapana. Ile ya theluji ni bugali."

"Nilishairekebisha!"

"Basi ni bugali ya jana."

Débora aliokota marakuja yaliyobaki mazima, akawakatia matatu, wakala wakiwa juu ya jukwaa, mbegu zikinata vidoleni. Alikwenda kumtafuta dereva amwekee mama nafasi mbele, karibu na dirisha, kwa sababu ya magoti.

Mstari wa maporomoko ulikamilika jua lilipofika dirisha la magharibi. Njia ya walinzi wa parc, ile hifadhi ya mlima, kibanda cha waongozaji wa wapanda theluji, bustani ya waridi aliyoiacha mke wa daktari ikageuka vichaka, vyote vilikuwa vimelazwa ukutani, vyembamba na vyeusi. Daraja lilikuwa bado. Jemima alianza nguzo ya kwanza, akasita. Lilikuwa na nguzo nne au tano? Alikuwa amelivuka kila siku ya maisha yake, na siku ya mwisho alilivuka akikimbia, bila kuangalia chini.

Mwanga ulikuwa umekwisha kupungua, rangi zote zikianza kufanana. Abdias alimimina maji kidogo juu ya rangi ndani ya makopo ili isikauke, akafunika kila kopo kwa plastiki, akaosha brashi zake mbili nzuri kwa mafuta ya taa na kuzikung'uta nje ya dirisha.

"Shuka, mama. Kesho saa kumi na mbili niko hapa."

"Ngoja nimalize hii nguzo."

"Ni ngapi?"

Jemima aliweka makaa mfukoni, akashika ngazi. "Tutahesabu kesho," alisema. "Muambie yule muzee wa bugali akuje mapema. Yee alikuwaga anavua samaki pale chini ya daraja."

Ukutani nguzo moja ilisimama peke yake, na upande wa pili wa mto njia ilikuwa bado haijaanza.